Matofaa ya Bruda

Mgeta,
3 Machi 2024

Mdogo wangu Fidelis,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani inakuja. Sisi hatujambo. Baba anakohoa vilevile, anakula, ananung'unika kuhusu chumvi, yaani mzima.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ukitaka mtandao huku ni lazima upande hadi pale kwenye msalaba wa misheni, na hapo kila saa kuna watu kumi wanasubiri zamu, wote masikio wazi. Juzi nilipiga kuuliza bei ya mbolea, nikateremka nikakuta kijiji kizima kinajua nina deni la mbolea. Barua atakuletea Mansuri kwa gari lake, pamoja na kabichi zake.

Shida yangu ni matofaa. Mwaka huu miti imezaa hadi matawi yamegusa chini, nimeyaegemeza kwa mianzi. Na hakuna anayeyataka. Mansuri anasema watu wa mjini siku hizi wanataka yale mekundu makubwa yanayokuja na meli, yamepakwa nta yanang'aa. Yetu ni madogo, ya kijani, yana mabaka, na ukiyang'ata yanakukunja uso. Miti thelathini na moja, yote ya aina ile moja aliyokuja nayo Bruda, yule mtawa wa misheni, na Baba akaibebesha, kikonyo juu ya shina, kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, tangu hatujazaliwa. Nguruwe wameshiba. Mengine yanaozea shambani na nyigu wamefanya makao.

Basi nimekumbuka Bruda alikuwa anatengeneza pombe ya haya matofaa, na Baba ndiye alikuwa mkamuaji. Wewe umekaa na wasomi hapo chuoni Mazimbu miaka kumi na minne unaosha chupa za maabara. Hebu niulizie inafanywaje.

Mwanangu Joyce anakusumbua huko kwako? Baba yake alikwenda zake mtoto hajaota meno, kwa hiyo mtu wa kumkaripia ni wewe. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Siku ya kumwoza Joyce ni wewe utakayesimama mbele ya ukoo, si mimi. Mkaripie bila kuniogopa.

Dada yako,
Felista

*

Bigwa,
12 Machi 2024

Dada Felista,

Shikamoo. Kwanza kabisa, mimi si mwosha chupa. Mimi ni msaidizi wa maabara, na bila mimi wale wasomi hawajui hata stovu inawashwaje.

Nimeuliza na nimesoma. Hiyo pombe inaitwa saida, na nje huko watu wanaiheshimu kama divai. Cha muhimu ni hiki: usichanganye. Wengine huchanganya aina tatu nne za matofaa ili kali isaidiwe na tamu. Yetu ina ukali na utamu ndani yake yenyewe, ndiyo maana Bruda hakupanda nyingine. Kwa hiyo usitie ndizi mbivu, usitie asali, usitie matofaa ya jirani. Hii itakuwa pombe ya tofaa moja na mlima mmoja, na hiyo ndiyo itakayoipa jina.

Osha, kata yaliyooza utupe, twanga kwenye kinu ambacho hakijawahi kutwangia pilipili. Kamua kwa kitambaa kizito. Jaza pipa safi la plastiki, usilijaze hadi juu. Funga, toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba uingie kwenye chupa yenye maji. Utaona mapovu yanatoka kwenye maji. Ni ile chachu iliyo kwenye ganda la tofaa inakula sukari. Mapovu yakikoma, sukari imekwisha, na kazi imekwisha.

Dada, mwezi wa nane kuna maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hapa Morogoro. Nimewaza meza, kitambaa cheupe, chupa zetu juu yake. Nimechoka kupita pale kila mwaka kama mtazamaji.

Joyce hajambo na hanisumbui. Ananipikia, na kwenye chuo chao cha ushonaji wamesema mkono wake ni mwepesi kuliko wa wenzake wote. Anakushonea blauzi. Usimwambie kuwa nimekwambia.

Mdogo wako,
Fidelis

*

Mgeta,
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Mapipa matatu yamejaa. Mikono yangu imekuwa myeusi kwa maji ya matofaa hadi padri aliniuliza kwenye komunyo kama nimeanza kupaka hina. Nilitwanga wiki tatu, na Baba alikaa kwenye kigoda chake akinielekeza, kila nikikamua anasema Bruda alikamua zaidi.

Mapovu yalitoka Machi, Aprili, na Mei yote, usiku na mchana, kama mtu anayesemasema usingizini. Halafu kipupwe kikaanza. Sasa asubuhi hatuoni zizi kwa ukungu, na mimi nimevaa sweta mbili mwilini. Tangu kipupwe kianze mapovu yamepungua, na wiki iliyopita yamekoma kabisa.

Nimeonja. Ni kali, nzuri, inapanda puani. Lakini nyuma ya ulimi kuna utamu bado, kwa mbali. Nimempa Baba kijiko kimoja. Akaiweka mdomoni muda mrefu, akasema: "Haijaisha. Imelala." Anasema Bruda hakuwa akigusa chupa mwezi wa sita wala wa saba. Aliiacha hadi joto la mwezi wa kumi lije liiamshe, ichemke mara ya pili, itulie yenyewe, ndipo akaitia kwenye chupa. Nikamuuliza mbona hukuniambia mapema, akasema hukuniuliza, ulimuuliza Fidelis.

Wewe ulisema mapovu yakikoma. Yamekoma. Lakini Baba anasema imelala. Nimsikilize nani?

Dada yako,
Felista

*

Bigwa,
1 Julai 2024

Dada,

Shikamoo, na umpe Baba shikamoo yake.

Baba ni Baba, siwezi kumkosoa. Lakini Bruda alikuwa mtu wa zamani, alifanya kwa mazoea, na Baba anakumbuka mambo ya miaka hamsini iliyopita. Nimemuuliza mwalimu mmoja hapa: mapovu yakikoma, inakuwaje? Akajibu bila kufikiri, imekwisha. Habari za baridi sikumchosha nazo. Utamu unaousikia ni harufu ya tunda tu, ulimi unadanganyika.

Tukisubiri mwezi wa kumi, Nane Nane itakuwa imepita na meza nimeshaiombea. Jina langu limeandikwa. Mkuu wa idara yangu amesema atapita. Dada, tangu niajiriwe hajawahi kuniita kwa jina langu.

Mansuri anakuletea chupa tupu za bia, makasha matano, nimezichemsha mwenyewe. Anakuletea pia vizibo vipya na mashine ya kubania. Ataondoka huko kwenu tarehe 20. Tia kwenye chupa, bana, mpe. Jukumu ni langu.

Mdogo wako,
Fidelis

*

Mgeta,
19 Julai 2024

Fidelis,

Chupa mia moja na ishirini hizo hapo. Nimezibana hadi kiganja kimechubuka. Baba amekataa kushika hata moja. Aliingia ndani akalala saa nane mchana, na wewe unajua Baba halali mchana.

Umesema jukumu ni lako, nami nimelikubali neno lako. Ziweke mahali pa baridi.

Kwenye mfuko wa salfeti kuna viazi na karoti za Joyce. Mwambie blauzi isiwe ya kubana, mimi si msichana.

Felista

*

Bigwa,
14 Agosti 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Natamani ungeuona uso wangu. Chupa arobaini zilikwisha siku mbili! Watu walikuwa wanarudi. Mama mmoja wa Mikese alionja, akaondoka, akarudi na mume wake na shemeji zake. Zilikuwa na gesi kidogo, zikifunguliwa zinasema *tsss*, watu wakapenda hiyo zaidi. Mwambie Baba hiyo.

Mkuu wa idara alikuja na mkewe. Akainua chupa kwenye jua, akaniita, "Fidelis." Binti yake anaolewa tarehe 19 Oktoba, na ameziomba chupa zote themanini zilizobaki, kwa ajili ya meza ya juu. Nimekubali. Nimeziweka stoo, ile ya bati nyuma ya nyumba, ina komeo zuri.

Mkataba wangu unaisha Desemba, nawe unajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Hii harusi imekuja wakati wake.

Joyce alisimama mezani siku zote mbili kwa gauni alilolishona mwenyewe. Watu wawili walimuuliza fundi wake ni nani.

Mdogo wako,
Fidelis

*

Bigwa,
21 Oktoba 2024

Dada Felista,

Shikamoo. Usishtuke.

Alhamisi iliyopita chupa moja ilipasuka stoo na Joyce ameumia kidogo usoni. Jicho limevimba. Alipata huduma haraka na sasa yuko Dar es Salaam kwa daktari wa macho, niliona ni vyema apate mtaalamu. Nimemwacha huko katika mikono mizuri. Hana shida ya chakula wala ya chochote.

Usihangaike kushuka. Baba hana mtu wa kumtazama, na barabara yenu na mvua hizi unaijua. Mimi nipo, mimi ni mjomba wake, nitashughulika na kila kitu kama inavyonipasa.

Sitaki kukulaumu, dada, wala si wakati wake. Lakini nimefikiri sana, naona huenda vizibo vilibanwa kwa haraka, au mapovu hayakuwa yamekoma vizuri ulipoyaangalia. Ni jambo linaloweza kumpata mtu yeyote asiye na uzoefu. Tusilizungumze tena.

Chupa zilizobaki nimezimwaga. Harusini walikunywa soda.

Fidelis

*

Mgeta,
30 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama barabarani, Mansuri bado ameshika usukani. Nilimuuliza yeye ameona nini, akasema yeye hakufika kwako, barua aliikuta sokoni. Alikwepa macho yangu.

Nilipanda msalabani nikakupigia mara sita. Ukapokea ya saba, ukasema vilevile kama barua ilivyosema, neno kwa neno, kisha ukasema uko kazini. Nimpigie nani mwingine? Simu ya Joyce haiiti.

Ni mimi, Fidelis. Nimelala nalo siku tisa hili. Nilionja ule utamu. Ulimi wangu uliniambia, Baba aliniambia, nikabana. Ningeacha tu. Ningesema hapana, ningekuwa mshamba mbele ya Nane Nane yako na mwanangu angekuwa anashona. Huna haja ya kunilaumu, mimi mwenyewe natosha kwa kazi hiyo.

Jumamosi nilichukua shoka. Nilianza na ule wa karibu na zizi. Nilipofika mti wa nne, Emmanuel, mtoto wa mama mdogo, akaja akidhani nimepatwa na wazimu. Hakunizuia. Alikwenda kuchukua shoka lake. Hadi Jumapili jioni tulikuwa tumekata yote thelathini na moja, na yote ilikuwa na maua. Ardhi ya ukoo wa mama sasa inaonekana ndogo, sikujua kama ni ndogo hivyo.

Baba alisikia mashoka akiwa kitandani, kwa sababu miguu imeanza kumkataa. Akadhani ni watu wa mbao kule msituni. Nilipoingia akaniuliza, "Umekata na ule wa mlangoni?" Nikasema na ule. Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo uji anaunywa kwa kulazimishwa.

Niambie Joyce yuko hospitali gani. Nikimpata wa kukaa na Baba nitashuka, mvua au si mvua.

Dada yako,
Felista

*

Dar es Salaam,
17 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Anayeandika ni dada Grace, muuguzi wa wodi yetu. Mimi nasema, yeye anaandika, na amenihakikishia hataongeza kitu. Usishangae mwandiko.

Mama, nisikilize taratibu. Jicho la kushoto wamelitoa. La kulia lina vipande vidogo vilivyoingia, wameshalifanyia upasuaji mara mbili. Naona mwanga wa dirisha. Mtu akipita mbele yake naona amepita, lakini sioni ni nani. Daktari anasema nisitegemee zaidi ya hapo. Nilimuuliza mara mbili ili niwe na hakika, na mara zote mbili alisema hivyo.

Mjomba alikuja kuniona mara moja. Aliniambia umeambiwa yote na kwamba umeshindwa kuja kwa sababu ya babu. Lakini dada Grace alinisomea barua uliyomtumia mjomba, ambayo mjomba aliisahau kwenye mfuko wa maembe aliyoniletea. Kwa hiyo najua kuwa hukuambiwa. Na najua umekata miti, Mama, nami ndiyo maana naandika. Nililia kwa ajili ya ile miti kuliko nilivyolia kwa ajili ya macho, sijui kwa nini.

Hukufanya wewe. Chupa zilianza kupasuka Jumatatu. Moja, kisha mbili. Joto lilikuwa limeanza, bati la stoo lilikuwa haligusiki. Jumanne zilipasuka tano, tukiwa tumekaa sebuleni tunasikia *paa*, halafu vioo. Mjomba alifungua mlango kidogo, akachungulia, akafunga. Usiku hakulala. Jumatano alikwenda akasimama mbele ya mlango na ndoo ya maji na blanketi, akarudi navyo. Nilimwona.

Alhamisi gari la harusi lilikuja kuchukua makasha. Mjomba akaniambia, "Joyce, ingia humo mara moja, uyatoe moja moja, wewe mkono wako ni mwepesi." Mama, nilijua. Na yeye alijua. Nikamuuliza, mjomba, zikipasuka? Akasema zimekwisha zilizokuwa za kupasuka. Yeye alisimama nje, mbali, karibu na ukuta wa jirani. Nilitoa kasha la kwanza. La pili nililiinua nikiwa nimelikumbatia kifuani.

Ameniomba niseme kuwa niliingia mwenyewe. Alilia sana, akanishika miguu, mtu mzima. Nikamkubalia. Watu wote nimewaambia hivyo, hata daktari. Wewe siwezi. Lakini usimwambie kwamba nimekwambia, kwa sababu nilimpa neno langu.

Blauzi yako ilikuwa imebaki mkono mmoja. Iko Bigwa, kwenye mashine.

Mwanao,
Joyce

*

Mgeta,
15 Desemba 2024

Mdogo wangu Fidelis,

Nimerudi na Joyce Jumamosi. Hatukupita Bigwa kwa sababu gari lilikuwa moja kwa moja. Ameizoea nyumba upesi, anahesabu hatua kutoka kitandani hadi jikoni. Amenionyesha jinsi anavyopima chumvi kwa vidole.

Nimemwona mwanangu, kwa hiyo mambo ya "jicho limevimba" tuyaache. Naelewa ulitaka nisishtuke.

Baba hali si nzuri. Anakuulizia. Anataka kujua siku ile ilikuwaje, na ameniuliza mimi, nami sina la kumjibu kwa sababu sikuwapo. Joyce anasema aliingia mwenyewe, na hapendi kusema zaidi. Basi nakuuliza wewe, mara moja tu. Siku ile ilikuwaje? Nani alifungua ule mlango, wewe ulikuwa wapi, mlizungumza nini?

Ukoo utakaa tarehe 11 Januari kwa ajili ya Joyce, kupanga atakaa na nani, ataishije, nani atamsemea maisha yake yote kwa kuwa sasa mume hatumtegemei. Anayepaswa kufungua mazungumzo hayo ni mjomba wake. Kiti ni chako, mdogo wangu, na hakuna aliyekigusa.

Andika kama ilivyokuwa, hata kama ni vibaya. Hata kama ni vibaya sana. Kisha uje mwenyewe, nitakupikia, utakaa na Baba. Mtu anaweza kuogopa. Hata mimi nimeogopa mengi. Lakini nataka nilisikie kutoka kwako.

Dada yako,
Felista

*

Bigwa,
28 Desemba 2024

Dada Felista,

Shikamoo. Heri ya sikukuu, nasi huku tulisali salama.

Umeniuliza nami nakujibu mbele ya Mungu. Siku ile nilikuwa natoka bafuni. Nilikuwa nimemwambia Joyce zaidi ya mara moja, usiingie humo stoo, mambo ya humo niachie mimi. Lakini unajua wasichana wa siku hizi, ukimwambia usifanye ndipo anafanya. Ni mkaidi kidogo, nadhani amechukua kwa baba yake. Aliona gari limekuja akataka kuonekana mchapakazi mbele ya wageni. Mimi nilisikia mlipuko, nikakimbia, nikamtoa kwa mikono yangu. Nina kovu kwenye kidole hadi leo.

Najilaumu kwa jambo moja, kwamba sikulifunga lile komeo kwa kufuli.

Kuhusu chanzo, mwambie Baba ni vile vizibo, kama nilivyokuandikia. Usinielewe vibaya, dada, sikuhukumu wewe.

Tarehe 11 sitaweza. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, mkuu wa idara alinionea huruma kwa yaliyonipata, na Januari ndiyo tunapokea vifaa vipya. Semeni lolote, mimi nitaliunga mkono. Nitakuja Pasaka.

Mdogo wako,
Fidelis

*

Mgeta,
19 Januari 2025

Fidelis,

Barua yako ilifika tarehe 6. Nilimsomea Joyce, maana ilimhusu. Alikuwa anamenya viazi. Nilipofika mwisho akaniomba nirudie ile sehemu ya ukaidi. Nikairudia. Akaniuliza kama umeandika "kidogo" au sikulisikia vizuri neno hilo. Nikamwambia ndiyo, umeandika kidogo. Akaendelea kumenya.

Nilijua tangu Novemba. Nilijua ya Jumatatu na ya Jumanne, nilijua ya ndoo na blanketi, nilijua ulisimama wapi. Nilikuandikia ile barua ya Desemba nikiwa najua yote. Niliiandika mara nne ili isikutishe. Kama ungesema niliogopa nikamtuma mtoto, ningelia, ningekutukana, kisha ningekutandikia kitanda. Naapa ningekutandikia.

Tarehe 11 ukoo ulikaa. Kiti chako kilibaki wazi hadi saa sita, kisha wazee wakamwita Emmanuel. Aliyejitolea shoka lake bila kuuliza ndiye mjomba wa Joyce sasa. Wamempa na ile sehemu ya chini ya shamba ailime kwa ajili yake. Joyce alimpa mkono mbele ya watu wote, na jambo limekwisha kwa desturi zetu, halirudi nyuma.

Baba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 13. Tulimzika Jumanne tarehe 14, saa tisa, mvua ikinyesha. Alikuuliza mara tatu siku ile ya mwisho. Mara ya tatu nilimwambia uko njiani, akatulia.

Nilipanda msalabani kukupigia. Nilikuwa na simu mkononi na namba yako mbele ya macho yangu. Watu walinipisha, kila mtu alijua nimepanda kumwita mtoto wa kiume wa marehemu. Niliiweka sikioni. Sikubonyeza kitu. Nilisimama nikisema "ndiyo", "sawa", "nimekuelewa", kisha nikaishusha nikawaambia: amesema hawezi kuja, ana kazi ya kupokea vifaa.

Unajua jinsi watu walivyo huku. Padri aliinamisha kichwa. Hadi tunatoka makaburini, kila nyumba ya Mgeta ilikuwa inajua kwamba Fidelis wa mzee Yakobo aliitwa kumzika baba yake akakataa. Na watoto wao watajua.

Huo ni uongo. Ni wangu, nami nitautubu siku yangu ikifika, lakini si sasa. Unaweza kuja kuukana wakati wowote. Panda gari la Mansuri, simama pale msalabani, waambie dada yangu hakunipigia. Watakuamini. Kisha wataniuliza mimi kwa nini nilifanya hivyo kwa ndugu yangu wa tumbo moja, na mimi nitawaambia kwa nini.

Felista